Nyumba Inayosalimiwa

Chini ya Mtae,
6 Juni 2023

Dada mpendwa Efrazia,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Zabron na mwanangu Edgar. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Jua tunasikia tu kwamba lipo, huko chini nyikani.

Nakuandikia kwa mkono kama enzi za mama kwa sababu simu yako haipatikani, na mtandao wa huku unakuja ukijisikia. Konda wa basi ameahidi kumpa Lulu barua hii pale kituo cha maziwa Kwai. Ukipeleka maziwa atakukabidhi.

Kazi ndiyo ile niliyokuambia. Dokta Nikodemo wa chuoni anachunguza habari za wanawake wanaopigwa majumbani, na kwa nini majirani wanaosikia hawasemi. Mimi nimepangiwa kuhoji huku. Jirani yangu Mama Rama na wenzake wamekubali kuzungumza, nami nimefurahi, maana kwingine tumefungiwa milango. Nimepanga nyumba ya Mzee Amiri. Ina ukumbi, chumba, na jiko la kuni kwa nyuma ambalo silitumii, nina jiko langu la gesi. Inaonekana ilikaa tupu muda mrefu.

Sasa nikuchekeshe. Kila asubuhi watu wakienda shamba husimama njiani, wanaielekea nyumba hii na kutoa salamu ya asubuhi ya Kishambaa: "Onga makeo, Kibibi! Kwema?" Halafu wanasubiri, majembe begani, hakuna anayekohoa. Baadaye wanaondoka zao. Siku ya kwanza nilidhani wamekosea jina langu. Nilipomuuliza Mzee Amiri, alisema hawanisalimii mimi, niwaache, akaanza kunisimulia habari za viazi.

Dada, kuna jambo halinitoki moyoni. Pasaka jicho lako lilikuwa limevimba, ukasema ng'ombe amekupiga pembe. Mimi kazi yangu ni kusikiliza hadithi za ng'ombe, na za milango, na za kuteleza bafuni. Niambie kweli. Zabron anakupiga?

Mdogo wako,
Esteria


Kwai,
13 Juni 2023

Mdogo wangu Esteria,

Marahaba, na amina. Barua yako nimeipata na nimeifurahia, isipokuwa ile sehemu ya mwisho. Huku kwema kabisa. Mimi mzima, mtoto mzima, Zabron mzima na anakusalimu. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa, ndiyo maana hunipati. Zabron atanunua nyingine akijaliwa.

Wewe usomi utakuharibu. Kila mwenye alama usoni basi kapigwa? Yule ng'ombe mweusi mkorofi, hata Lulu anamjua. Hoji wanawake wa huko, dada yako muache akamue maziwa.

Ila nimekasirika kwa jingine. Watu wazima wanasimama kwenye ukungu na baridi ile, wanasalimia, na wewe umekaa ndani kimya! Mama alitufundisha hivyo? Unakumbuka alivyokufinya sikio pale Magamba kwa sababu ulimpita mzee bila kumwamkia? Jina wakikosea, wamekosea. Salamu ikija mlangoni kwako inaitikiwa. Itika, mtoto wewe, usitutie aibu.

Vaa sweta.

Dada yako,
Efrazia


Chini ya Mtae,
24 Juni 2023

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mwili ni mzima, moyo sina uhakika.

Nilifanya ulivyosema. Asubuhi moja ya mvua alisimama Bibi Sheshe, mkongwe kuliko wote hapa, kanga imemlowa kichwani. Akaita, "Onga makeo, Kibibi! Kwema?" Akasubiri kuliko wengine wote. Nikaona aibu, nikaitika kutoka ndani: "Kwema, bibi. Shikamoo."

Jembe lilimponyoka. Akapiga kelele, "Ameitika! Kibibi ameitika!" akateremka mteremko ule kwa mbio nisizozitegemea kwenye miguu yake, na vigelegele vikaanza kupokezana nyumba kwa nyumba mpaka bondeni. Mchana waliniletea ndizi, maharage, ugali wa muhogo. Wakacheka na mimi. Wakanishika mikono. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo hivi tu, dada ana akili.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesimama tena njiani. Na hakuna anayekubali kuhojiwa. Kila ninayemfuata ananijibu kwa upole kwamba hapa hakuna neno, mwenyewe amesema kwema.

Nilimbana Mama Rama mpaka akanieleza huku akilia. Kibibi alikuwa mke wa Masudi, mdogo wake Mzee Amiri, na aliishi humu humu ninamolala. Masudi alikuwa anampiga, na kila mtu alijua. Jioni moja vishindo vilizidi, majirani wakakusanyika njiani. Hawakuingia. Bibi Sheshe aliita tu, "Kibibi, kwema?" Na Kibibi akajibu kutoka ndani, "Kwema." Wakarudi makwao. Asubuhi alikutwa amekufa chini ya genge la mlima. Masudi akasema aliteleza kwenye ukungu. Askari walipokuja kuuliza, kila mtu alisema hivyo hivyo, kwamba walimuuliza naye akasema kwema.

Masudi alihamia nyikani. Wao wakabaki na lile jibu, likawakosesha usingizi. Ndipo wakaanza kumuuliza tena kila asubuhi, ili siku moja awape jibu jingine. Mama Rama aliniambia, "Tulimuuliza mara moja tu, mwanangu. Mara moja, tukaenda kula."

Na mimi nimewapa jibu lile lile. Sasa wanalala. Mzee Amiri ametuma watu nyikani wakamwambie mdogo wake arudi, mkewe amemsafisha.

Kuna kingine, usinicheke. Lile jiko la kuni nisilolitumia, asubuhi majivu yake yana joto. Na barua yako huwa naisoma kwa sauti ukumbini, kuondoa upweke. Nikifika pale ulipoandika "huku kwema kabisa", huko jikoni kunakuwa na kimya cha ajabu, kama kuna mtu alikuwa anafanya kazi zake akasimama kunisikiliza. Ninaogopa, dada. Ninaogopa zaidi kwa ajili yako. Ulisema kwema, nami nilitaka kwenda kula. Nakuuliza tena.

Mdogo wako,
Esteria


Kwai,
30 Juni 2023

Esteria,

Marahaba. Huku kwema. Naandika haraka hapa hapa kwa Lulu, madumu yakiwa bado yanapimwa. Barua yako sikuthubutu kwenda nayo nyumbani, nimemuachia Lulu aifiche. Usiniandikie tena maneno kama yale. Zabron akiona karatasi anataka kujua inasema nini.

Hama hiyo nyumba. Omba kwa mchungaji, Mtae kuna kanisa, watakupa pa kulala.

Na wale majirani wasijipe moyo. Eti aliulizwa. Aliulizwa huku mume kasimama pembeni yake! Wewe unafikiri angejibu nini? Ukiitwa kutoka nje, yule mtu anakutazama mdomo. Unasema kwema upesi ili wapite, maana wakikawia ni wewe utakayelipia kukawia kwao. Halafu unasikia hatua zao zinakwenda, na ndipo unajua kwamba umebaki naye.

Basi. Nimeongea sana. Ng'ombe mweusi amezaa, ndama jike. Mtoto anakusalimu.

Dada yako,
Efrazia


Chini ya Mtae,
12 Julai 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali leo. Barua yako ya mwisho nimeielewa, na nimelia nayo. Niliisoma kwa sauti kama kawaida yangu, na nilipofika pale pa hatua zinazokwenda, kitu kilianguka jikoni. Nikaenda kuangalia. Hakikuwa kitu, sufuria tu, lakini mimi sufuria zangu ziko ukumbini.

Sikuhama. Niliona nikihama Masudi ataikuta nyumba tupu, na lile jibu langu ndilo litakalompokea.

Amekuja leo asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito, nilimwona kuanzia kiunoni kwenda juu tu, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, mkononi kitenge kipya kwenye mfuko wa nailoni. Nyuma yake kijiji kizima, Bibi Sheshe mbele. Wote walikuja kusikia. Mzee Amiri alimwambia amwite mkewe, wayamalize.

Akaita, "Kibibi! Kwema?" Sauti yake ilikuwa laini, dada. Hilo ndilo lililonitisha.

Mimi nilikuwa ukumbini, nimeegemea mlango. Nilikuwa nimepanga la kusema tangu nipate barua yako. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa pumzi, nyuma yangu, kutoka jikoni, sauti ya mwanamke ikasema bila kupaza na bila haraka:

"Si kwema."

Mama Rama anaapa ilikuwa sauti ya Kibibi. Mzee Amiri anasema ni mimi, na nimemvunjia heshima. Mimi sijui. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Kule jikoni hapakuwa na mtu, ila kuni zilikuwa zinawaka.

Bibi Sheshe aliketi chini kwenye tope. Masudi aliuangusha ule mfuko, akawageukia watu kama anayetafuta wa kumtetea, na kila aliyemtazama akarudi hatua moja. Akaondoka kwa njia aliyojia. Ukungu ukamfunika kabla hajafika kwenye kona.

Kuanzia saa nne wanawake wanakuja. Wameketi barazani, wanangojana. Mama Rama amezungumza wa kwanza na amesema atayarudia maneno yake mbele ya askari, kwamba walisikia, na kwamba walijua. Dokta Nikodemo nitamwandikia nini, Mungu ndiye ajuaye.

Nakuja, dada. Jumamosi nitakuwa Kwai. Nitasimama kwenye ua wenu nitaita, na Zabron akisimama pembeni yako na asimame. Ukisema kwema sitaondoka. Nitauliza tena mpaka nipewe jibu la kweli.

Mdogo wako,
Esteria


Kwai, kwa Lulu,
Alhamisi, 13 Julai 2023, jioni

Esteria,

Sikusalimii kwanza. Acha nikueleze.

Leo asubuhi nilikuwa sebuleni na Zabron, anakunywa chai. Jana usiku yalikuwa yametokea ya siku zote, mkono wangu wa kushoto haunyanyuki. Huko nje kwenye ua mwanamke akaita kwa Kishambaa: "Onga makeo, Efrazia! Kwema?"

Nikajua umekuja. Sauti haikuwa yako, lakini nikasema moyoni ni baridi ya Mtae imekukausha koo. Zabron akaweka kikombe chini. Akanitazama mdomo. Nikangojea aliye nje apite, kama wanavyopita wote. Hakupita. Nilimsikia anasubiri, Esteria. Sijui nikuelezeje, kusubiri kwake kuliingia ndani kama moshi. Ng'ombe wakanyamaza. Zabron akaninong'oneza nimjibu yule mtu aende.

Nikajibu. "Si kwema." Kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Wapita njia waliokuwa wanapeleka maziwa wakasimama. Safari hii waliingia, wakiwa na madumu yao mikononi, na Zabron akasogea kuwapisha. Nilimbeba mtoto kwa mkono mmoja nikatoka.

Nilikukimbilia kwenye ua. Hukuwepo. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande, na hapakuwa na alama ya mguu hata moja.

Niko kwa Lulu tangu saa tatu. Wamenifunga mkono, na kesho tunakwenda dawati la jinsia polisi, Lulu atanisindikiza. Barua yako imeletwa na konda alasiri hii. Nimeisoma mara mbili. Wewe ulikuwa huko bado. Unasema unakuja Jumamosi.

Uliniambia barua zangu unazisoma kwa sauti humo ndani. Basi na hii isome kwa sauti, simama karibu na jiko. Mwambie aliyeniita kwamba nimeshatoka, na mtoto nimetoka naye. Mwambie huku ni kwema, na leo sisemi ili apite.

Dada yako,
Efrazia