Mpira Ulionasa kwenye Dira

Aabo,

Allah akurehemu. Mimi bintiyo Sahra sikutaka kukuandikia habari hii, lakini sina mwingine wa kumwambia. Mama ukimtajia besiboli analia.

Halima ndiye refa mkuu sasa mahali pako, kama ulivyotaka. Ukiwa kitandani ulisema yeye asimame nyuma ya mpigaji na mimi nibaki refa wa besi ya pili, tena ulisema mbele ya wageni: "Halima ana jicho. Sahra ana haraka." Nilicheka pamoja na wageni. Moyoni niliungua, Aabo. Mimi niliyekusomea kitabu cha sheria macho yako yalipochoka, halafu mtoto wa jirani ndiye mwenye jicho! Watu wanasema anasimama kama wewe. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi wasichana wetu wa Iftin walicheza na wa Kotile. Mkimbiaji wao alikuwa akikimbia kutoka besi ya kwanza, na mpira uliopigwa ukanasa kwenye pindo la dira yake, lile gauni pana la kwetu, kabla mlinzi wetu hajaufikia. Unakumbuka ulivyotufundisha uani, ukikimbia na shuka la Mama kiunoni huku tukikurushia mipira? Nguo ya mkimbiaji ni mwili wake, ulisema, na mpira ukiigusa, hata asipokusudia, ametolewa mchezoni. Halima akamtoa.

Kocha wao akaja juu, akadai mpira haukumgusa kabisa. Halima akanigeukia, akaniita dada kama kawaida yake.

"Abaayo, wewe ulikuwa karibu. Mpira iligusa nguo yake?"

Niliona. Ilikuwa hatua tatu tu mbele yangu.

"Sikuona," nikasema.

Akabatilisha uamuzi wake. Msichana yule akabaki besini, baadaye akapata pointi, nasi tukashindwa kwa hiyo moja. Halima aliwaomba radhi wachezaji wetu mmoja mmoja kwa kuwapa uamuzi kisha kuwanyang'anya. Nilifurahi, Aabo. Nisikufiche, nilifurahi mpaka jana, nilipomkuta kwenye foleni ya daktari wa macho. Aliniambia ameacha urefa, kwa sababu siku hizi anaona vitu ambavyo havipo. Alinishukuru kwa kusema ukweli.

Pumzika, Aabo wangu. Nakuahidi Jumamosi ijayo, mbele ya timu zote mbili na kocha yule, nitasema kwamba niliona. Wakiuliza kwa nini nilikana, nitawaambia nilimwonea wivu. Bado ninamwonea.

Sahra