Nilikata Michoro ya Binti Yangu Nikashonea Sare

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie mwenzio, nimeharibu na sijui pa kuanzia kutengeneza. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na kitindamimba wangu anataka kusomea sanaa na usanifu wa majengo, yaani achore nyumba za watu zijengwe, na chuo kimemwambia siku ya usaili aende na michoro yake ya mwanzo kabisa, si ile mizuri ya sasa tu, wanataka waone mkono wake ulivyokua. Michoro hiyo alikuwa ameiviringisha chini ya kitanda tangu utotoni, nami nikapata kazi ya sare za shule, karatasi ya kukatia vipimo vya kuwekea juu ya kitambaa ikaniishia, duka limefungwa, nikaivuta ile ya chini ya kitanda. Mshauri, siwezi kusema sikuitazama. Niliitazama, nikaona ngazi imepinda, nikaona mtu mwenye vidole kama ndizi, nikacheka peke yangu, nikasema haya ya kitoto, mapya si anayo? Nikageuza upande mweupe, nikachora kola na mikono ya mashati, mkasi ukapita.

Aliporudi akauliza, "Mama, karatasi zangu za chini ya kitanda ziko wapi?" nami ulimi ukaniponyoka, nikamwambia, "Labda panya, mwanangu, siku hizi wamezidi." Akatazama ukutani ninakotundika vipimo vyangu, akashusha kipimo kimoja cha mkono wa shati, akakigeuza. Nyuma yake palikuwa na nusu ya dirisha la chumba tulichopanga zamani, alilolichora akiwa darasa la pili. Laiti angenipigia kelele! Alisema tu, "Haya, mama," akachukua ufagio, akafagia vipande vilivyoanguka chini ya meza yangu.

Tangu hapo penseli hajashika. Juzi amevuta kiti kwenye cherehani yangu ya pili akaniambia, "Nifundishe kushona, mama. Chuo basi." Na hapa ndipo aibu inaponiua, maana nilifurahi, macho yangu yamechoka na kazi ni nyingi, nikafurahi kabisa mpaka nilipomtazama usoni. Nifanyeje?

Fundi Mkasi

Dada Fundi Mkasi,

Pole, na ipokee haraka kwa sababu nina mengine ya kukupa. Umecheka ngazi iliyopinda. Hebu niambie, kola yako ya kwanza ilikaa vizuri shingoni mwa nani?

Kukata ni haraka ya kazi, hilo naweza kulielewa. Panya ndio siwaelewi. Ushahidi umeutundika ukutani, nawe unamsingizia mnyama asiye na mkasi! Na ile furaha yako, usidhani hakuiona. Watoto wetu wanatusoma kabla hatujafungua mdomo.

Sasa sikia. Vipimo vyote ulivyokata kwenye michoro yake, hata vile unavyovitumia wiki hii, vishushe ukutani. Sare zisubiri. Viweke mezani mbele yake useme, "Nilikata mimi. Panya hawakuwepo." Usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Wala usibandike kitu kwa gundi, michoro ni yake, ataamua mwenyewe. Akitaka kwenda usaili na vipande, aende navyo, na akiulizwa aseme kilichotokea. Kisha mfuate mwalimu wake wa sanaa, umweleze kwa kinywa chako, huenda amehifadhi mchoro mmoja au miwili ya zamani. Siahidi kitu. Chuo kinaweza kuelewa, kinaweza kisielewe. Maji yakimwagika hayazoleki, dada yangu, na mchoro wa mtoto wa darasa la pili mtu mzima hawezi kuuchora tena. Hilo utaishi nalo.

Lakini cherehani ya pili mnyime. Usimfundishe hata kupiga pindo mpaka usaili upite. Karatasi umemkatia bila kumuuliza. Maisha yake usimkatie kwa kunyamaza. Akikasirika mwache akasirike, tena amechelewa kukasirika. Mwambie leo, kabla hajajua kutunga uzi kwenye sindano.