Rangi ya Kucha kwenye Bastola ya Baba

Baba,

Shikamoo. Najua jibu silipati, lakini kuanza barua bila shikamoo siwezi. Ungesema duka limenimaliza adabu.

Jana Mashaka alikuja dukani na bastola yako. Nasema yako kwa mazoea tu, maana ni ya serikali, na tangu tukuzike inakaa kiunoni kwake. Yeye ndiye mkuu wa kituo cha wanyamapori sasa. Akaitoa kwenye mkoba wa ngozi, akasema, "Dada Zena, ile rangi ya Mzee imeisha. Nipakie." Dukani kulikuwa na wateja wanne, na mmoja wao kashika kibaba cha sukari mkononi. Nitakwambia nilichofanya. Kwanza nisimulie mimi ilivyoanza, kwa sababu wewe ulikuwa ukiisimulia kwa kujipendelea.

Ilianza na kucha zangu. Zile siku tulizopanga foleni ya sabuni zilikuwa zimepita, kila kitu kimekuwa ruksa, na lori la Itigi likaanza kutuletea vitu hata ambavyo hatukuviomba. Rangi ya kucha ilifika Rungwa kabla ya dawa ya minyoo. Nilinunua kichupa kimoja cha rangi ya chungwa, kali kweli. Uliponiona ukauliza, "Hizo kucha ni za kushikia jembe au za kushikia kioo?" Nikazikwangua kwa wembe siku ileile. Kichupa uliniamuru nikitupe, nami nikakifukia kwenye debe la mahindi.

Haukupita muda ikaja habari ya kupunguza watu kazini. Askari wote wa wanyamapori mtapimwa kulenga, risasi sita kila mtu, na asiyefikisha nne kwenye shabaha arudi nyumbani akalime. Hukumwambia mtu kuhusu macho yako, hata Mama. Mimi nilijua, kwa sababu ulianza kunipa barua za ofisini nikusomee, eti mwanga hautoshi, na ni saa sita mchana.

Nakukumbuka umekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, risasi zote umezitoa umeziweka kwenye kisahani, bastola umeielekeza ukutani. Ulinieleza kwa hasira, kana kwamba nimeiunda mimi. Ile nundu ndogo ya mbele ya kulengea ni nyeusi. Mwanya wa nyuma unaoipokea ni mweusi. Shabaha nayo wameipaka lami. "Naona giza juu ya giza," ukasema. Nikaenda kwenye debe la mahindi nikarudi na kichupa. Ukakitazama, ukanitazama mimi.

"Kumbe hukukitupa."

"Hapana, Baba."

"Alhamdulillahi."

Mpaka leo nikikumbuka hiyo alhamdulillahi nacheka peke yangu.

Tulifuta mafuta kwa kitambaa chenye petroli, maana penye mafuta rangi haishiki. Nikaomba kwa mwalimu tone la ule wino mweupe wa kufutia makosa, nikautanguliza chini ili rangi iwake. Nilipakia kwa kijiti cha kiberiti nilichokichonga. Gharama yake haikufika hata kilo ya chumvi. Ukainua bastola, ukafumba jicho moja, na uso wako ukafunguka. Ulisema, "Hee! Imekuja yenyewe."

Halafu ukaenda korongoni kujaribu, na risasi tatu zote zikalima ardhi mbele ya debe tupu ulilolisimamisha ulilenge. Ulirudi. Ukakaa, ukasema mkono umezeeka, waache tu wakupunguze. Mimi nikaichukua bastola nikaitazama kwa ubavu, jinsi ninavyotazama ukucha, nikaona tone limekaukia juu ya nundu. Hilo kosa la kucha nalijua. Rangi hukusanyika nchani ukipaka kwa pupa. Nundu ilikuwa imeongezeka urefu, kwa hiyo mtutu ulikuwa unainama bila wewe kujua. Nikalikwangua lile tone kwa wembe, nikakuachia rangi kwenye uso unaokutazama tu, juu kubaki chuma kitupu. Siku ya kupimwa ulipata tano. Wewe ulikuwa ukisimulia sita. Mashaka alikuwepo, ni tano.

Ukabaki kazini. Na kwa sababu ngozi ya mkoba inaila rangi, kila baada ya miezi miwili mitatu ulikuwa unakuja, unaweka risasi kwenye kisahani, unasema, "Fundi wa kucha, nihudumie." Miaka miwili tulifanya hivyo.

Mara ya mwisho ulikuja siku ya mnada. Duka limejaa, mtu anataka betri, mtu anataka kanga, mimi nimechanganyikiwa. Nikakwambia, "Njoo kesho, Baba, si unaona watu?" Ukasema, "Haya, mama," ukatoka. Hukukasirika. Nimelifikiria sana hilo, na hukukasirika.

Kesho yake hukuja. Alikuja Mashaka.

Alisema mlikuwa mnafuata nyayo za majangili kwenye njia ya warina asali, na nyati waliyemjeruhi wao akatoka kichakani upande wako. Sikumuuliza kitu. Nilifunga duka, nikamshika Mama, nikapokea watu. Kazi ya msiba unaijua, haikupi nafasi.

Tangu hapo nina hesabu isiyonitoka. Siku nyingine najilaumu kwa kupaka. Nisingepaka, wangekupunguza, ungekuwa hapa barazani unagombana na kuku. Siku nyingine najilaumu kwa kutopaka siku ile. Yote mawili hayawezi kuwa kosa langu kwa pamoja, naelewa, lakini nimekuwa nikiyabeba yote. Kichupa nilikirudisha kwenye debe la mahindi, nikaapa sitakigusa.

Kwa hiyo jana Mashaka alipoomba, nilimwambia sipaki. Nikamwambia na sababu, mbele ya wateja wote wanne, sijui imenitokaje. Kisha akasema, "Dada, mimi ndiye niliyemvua Mzee ule mkoba. Kifungo kilikuwa kimefungwa. Risasi zote sita zilikuwemo. Hakuwahi hata kuigusa."

Mwaka mzima alikuwa nalo hilo. Alidhani najua.

Niliingia ndani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikafukua kichupa. Rangi ilikuwa nzito, nikakiweka kwenye maji ya moto mpaka ikalegea. Nikamletea Mashaka kisahani chako. Akatoa risasi, moja moja, mpaka sita, nami nikazitazama zote. Nikafuta, nikapaka uso wa nundu, juu nikaacha chuma kitupu. Wateja walisubiri. Yule wa sukari alinuna, akaondoka, baadaye akarudi.

Habari nyingine ni ndogo. Mama mzima, magoti tu. Kampuni ya uwindaji imeleta magari mapya, yanatupigisha vumbi mchana kutwa. Kuku wako mwekundu yupo, na tabia yake ileile.

Ninachokuahidi ni hiki: atakayeniletea bastola ile, awe Mashaka au atakayemfuata, nitampakia siku hiyohiyo, hata iwe mnada. Neno "njoo kesho" sitamwambia mtu tena.

Pumzika, Baba. Mungu akuweke pema. Kwenye kijiti ilibaki rangi kidogo, nikaipaka kwenye ukucha wa kidole changu cha mwisho, na sijaikwangua. Ungeiona ungegomba.

Ningependa sana ugombe.

Mwanao,
Zena