Ufunguo wa Maji ya Munje

Munje, Jumatano, baada ya alasiri

Joto la leo halina huruma, nami nimechoka kuanzia nyayo hadi kope.

Tangu bendera yetu ya uhuru ipandishwe, serikali haipumziki. Leo mbegu mpya, kesho vyoo vya shimo, keshokutwa pampu. Sisi wasaidizi wa maendeleo ndio tunaotumwa kuvifikisha vijijini. Pampu hii niliifurahia hasa. Kile kisima cha zamani kiko wazi, mvua ikinyesha takataka zote huingia humo, na watoto wa hapa hawaishi kuumwa matumbo. Pampu imefunikwa, maji yake safi.

Kisha Bwana Afisa kutoka Kwale akaitia kufuli mpini wake. Alisema kitu cha wote kisipokuwa na mlinzi huvunjika, naye anataka hiki kiwafae hata wajukuu. Ufunguo akanikabidhi mimi, binti wa hapa hapa.

Hakuna aliyekuja kuuomba.

Hata mmoja! Wanawake wanapita mlangoni kwangu na ndoo kichwani, wananisalimu vizuri, kisha hao, kisimani. Jana alipita shangazi yangu, Bi Mejumaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamfuata na ufunguo mkononi.

"Mwanangu," akaniambia, "kwetu mpita njia hunywa maji kwanza, ndipo akaulizwa atokako. Leo mimi nije nikupigie hodi kwa maji ya Mungu?"

Nilikasirika. Nikamwambia wajukuu zake wanaharisha kwa sababu ya kiburi chake. Akaenda zake, nami nikaingia ndani nikalia.

Leo asubuhi Bwana Afisa amekuja, ameikuta pampu kavu, haijaguswa. Amesema atarudi kesho, na akiikuta hivyo hivyo, itang'olewa ipelekwe Kikoneni. Nimemsihi aondoe kufuli. Amekataa. Amri ni amri.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba wote wawili nawaelewa. Nimeona vitu vingi vizuri vikivunjwa kwa kukosa mwenyewe. Na maji ya kubembeleza, hata mimi yangenikwama kooni.

Baada ya kuswali nimekwenda kwenye pampu. Nimeufunga ufunguo kwa kamba kwenye mpini, kando ya kufuli. Kufuli lipo, kama alivyoamuru. Bi Mejumaa alikuwa akirudi kutoka kisimani, akasimama akanitazama mpaka nikamaliza. Nikarudi nyumbani.

Sasa naandika, na huko nje mpini unalia kwii, kwii, haunyamazi. Punde hivi nimefungua mlango nikakuta mtungi wa shangazi kizingitini, umejaa. Sikumwomba.

Nimekunywa mpaka nikapumua.

Kesho Bwana Afisa akiniuliza ufunguo uko kwa nani, nitamwambia kweli: uko kwa kila mtu. Akinifukuza kazi, basi na anifukuze. Angalau nitajua pa kuteka maji.