Mkono Juu ya Goti la Dereva

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba unisaidie, maana jambo hili nimelimeza mpaka limenikaba, watoto nyumbani wanashona nguo za harusi na kuimba, na mimi nacheka nao mdomoni tu. Binti yetu wa mwisho anaolewa mwezi ujao, ameapa siku hiyo hatapanda gari lolote isipokuwa lori la baba yake, baba mwenyewe akiwa kwenye usukani, na mimi ndiye mtu pekee ninayejua kwamba baba yake hasikii.

Ili unielewe inabidi nikueleze lori lenyewe. Ni lile la zamani la pua ndefu, kioo cha mbele kimegawanyika vipande viwili, usukani mpana kama sinia, sakafu ya ndani ni mbao, na injini yake ikinguruma maji ya mtungini yanatetemeka. Nilipoolewa nililikuta, kwa hiyo naliita Bi Mkubwa, na sitasema uongo, miezi ya mwanzo nililionea wivu, kwa sababu mume wangu alikuwa akiamka anakwenda kulipapasa boneti na kupima oili kabla hajanijulia hali mimi mke wake. Lakini siku aliponipandisha nikakaa kando yake tukapanda mlima na mzigo wa saruji, nikamwona anavyozungusha usukani ule kwa mabega, bila pupa, anazungumza nalo kama mtu anayembembeleza ng'ombe atoe maziwa, wivu ukaniisha, na tangu siku hiyo kiti cha abiria ni changu, watoto wamekua nikiwa nimewapakata kwenye kiti hicho hicho.

Gia za Bi Mkubwa si za kuchomeka tu kama za magari ya leo. Unakanyaga klachi unatoa gia, unaachia, unaisikiliza injini, na sauti yake ikifika pale inapotakiwa unakanyaga tena unaingiza, na ukiwahi au ukichelewa, giaboksi inasaga meno na kila dereva aliye karibu anageuka kukutazama kwa huruma. Mume wangu hakuwahi kusagisha. Jina lake la barabarani silitaji, wangemjua wote, ila ujue amepewa kwa sababu ya masikio yake. Madereva walioharibikiwa walikuwa wakimngoja njiani, anafika, anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho kidogo, anasema ni beringi ya pampu ya maji, na wakifungua ni hiyo hiyo.

Hata leo kila Jumamosi mchana wenzake waliostaafu huja uani kwetu, wanakaa juu ya matairi makuukuu, chai inashuka na hadithi zinapanda. Mmoja anakumbuka lori lake lilivyokuwa likiwaka kwa kusukumwa, akawa haegeshi popote ila kwenye mteremko, hata kwenda ukweni alichagua mke ambaye kwao kuna mteremko. Mwingine aliuza lake zamani, lakini anasema akiwa usingizini mguu wa kushoto bado unakanyaga klachi, mkewe anaamka na michubuko. Huja pia kijana mmoja anayeendesha lori jipya linalojibadilishia gia lenyewe, wazee wamembandika jina la Otomatiki, wanamtania kwamba yeye ni abiria mwenye leseni, naye anacheka tu, kisha anaomba ruhusa apande akae kwenye usukani wa Bi Mkubwa kidogo, na anavyoushika utadhani ameshika mtoto mchanga. Wakiondoka, kila mmoja lazima ampige Bi Mkubwa kikofi cha shavuni. Mimi huwatazama kutoka jikoni na roho yangu inafurahi.

Sasa mshauri, yalianza na redio, akawa anaipandisha sauti mpaka majirani wanapata taarifa ya habari bila kununua betri, kisha akaacha kuifungua kabisa. Ukimwuliza hili anajibu lile. Nikadhani ni uzee tu. Halafu siku moja tunapeleka matofali, giaboksi ikasaga meno, mara ya kwanza katika ndoa yetu, sauti ya kukata maini, na yeye, ambaye angeumia kuliko kung'olewa jino, akaendelea kupiga mluzi. Nikaelewa. Ilipofika zamu ya gia nyingine, hata sikufikiri, nikaweka mkono kwenye goti lake, nikasikiliza injini, na sauti ilipofika nikamgonga, akakanyaga, gia ikaingia kama kijiko kwenye uji. Hakunitazama, nami sikumtazama, na tangu hapo ndivyo tunavyoendesha, mkono wangu gotini kwake, na hatujawahi kutamkiana neno juu ya jambo hilo, wala kwa utani. Watu wakituona barabarani wanasema wazee wale bado wanapendana. Ni kweli tunapendana, lakini si hilo tu.

Basi mwezi uliopita tulikuwa na mzigo wa mchanga. Madereva wana sheria yao, mlima unashukwa kwa gia ile ile uliyoupandia, na pale kileleni lazima uirudie gia ndogo kabla mteremko haujakuchukua. Tulipofika kileleni chupa ya chai ikaanguka miguuni kwangu, nikainama kuiokota, mkono haukuwepo gotini. Akabadilisha peke yake. Gia ikasaga, ikakataa, yeye hakusikia, akaachia klachi akiamini imeingia, na Bi Mkubwa akaanza kushuka akiwa hana gia, anateleza na mzigo wote ule, breki zikaanza kunuka, nikampigia kelele zangu zote na uso wake ulikuwa umetulia kama mtu anayesafiri salama, mpaka alipogeuka akauona mdomo wangu. Hapo ndipo nilipoujua udereva wake, mshauri, maana hakupaparika, akaupeleka usukani taratibu kwenye lundo la kokoto walizoacha wajenzi wa barabara, Bi Mkubwa akalipanda kwa pua yake ndefu, akasimama.

Akatoa kitambaa, akaupangusa usukani mzima. Akasema, "Gia imekataa."

Nikasema, "Imekataa."

Tukamsingizia Bi Mkubwa, mshauri, ambaye hajawahi kutukosea. Fundi akaletwa, akafungua giaboksi mbele ya mume wangu, kila jino zima. Fundi akasema, "Mzee, huyu bado msichana, hana ugonjwa wowote." Mume wangu akaangalia meno yale muda mrefu, akaenda zake kulala mchana, kitu ambacho hafanyi. Tangu siku hiyo hajaendesha. Analing'arisha tu. Na binti alipomwomba ampeleke harusini, akiwa amemshika mikono na kumtazama usoni, alimwelewa vizuri, akaitikia kwa kichwa.

Mpango wao ni mabenchi yafungwe bodini, wapande bi harusi, dada zake, shangazi zake na wajukuu wangu wote, wapande mlima ule ule na kuushuka, wakiimba. Kwa kelele ile ya nyimbo hata mimi sijui kama nitaisikia injini. Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya watoto na mbele ya wale wazee wa Jumamosi, na jina lake la barabarani litageuka kuwa kichekesho. Nikinyamaza, kizazi changu chote kitashuka mlima kwa kutegemea kidole changu. Silali. Nifanye nini?

Ni mimi,
Abiria wa Kudumu

*

Mama Abiria,

Barua yako nimeisoma huku nikikanyaga breki isiyokuwepo chini ya meza yangu. Pokea kwanza heshima zangu, maana ndoa ya namna hiyo sijaandikiwa siku nyingi. Umeshazipokea? Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Uliwezaje, mtu mwenye akili kama yako, kurudi kutoka kwenye lile lundo la kokoto ukakaa kimya mwezi mzima? Mngekuwa wawili peke yenu mngesema ni siri ya ndoa, lakini barabara ile wanapita watoto wa watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hicho chenu hakitamwumbua mmoja. Kutosikia si aibu, wala simwambii mtu yeyote asiyesikia kwamba hafai kuendesha, wapo wanaoendesha vizuri kuliko sisi. Ila giaboksi ile ni ya kuendeshwa kwa sikio, wewe mwenyewe umenieleza, na sikio la dereva wenu liko kwenye kiti cha abiria linaokota chupa ya chai.

Unaogopa kumwambia? Anajua, mama. Alijua pale fundi alipofungua giaboksi akayaona meno mazima. Na anajua kuwa unajua, maana goti ni lake. Mnafichana kitu ambacho nyote wawili mmekishika mkononi. Kwa binti aliitikia kwa sababu baba gani angekataa ombi lile? Nakuhakikishia anasubiri mtu amtoe hapo bila kumwangusha, na mtu mwenyewe hawezi kuwa mwingine ila wewe.

Kwa hiyo leo, si kesho, mpeleke kwenye lori. Ndani ya nyumba utalazimika kupaza sauti na majirani watasikia kabla yake. Kaeni kila mmoja mahali pake, injini imezimwa, mtazame usoni, mgonge goti kama unavyomgonga siku zote, kisha sema polepole aone midomo yako: "Sitaki tena kuwa sikio lako kwa siri." Atakasirika. Mwache akasirike, atamaliza. Baada ya hapo nendeni hospitali wiki hii hii masikio yapimwe, na akipewa kifaa cha kuvaa avae, asikiweke kabatini kama wazee wengine ninaowajua. Watoto atawaambia mwenyewe, wewe ukiwa pembeni.

Harusi sasa. Bodini hapandi mtu kushuka mlima ule, hata dereva awe malaika. Bi harusi, shangazi na wajukuu wavuke mlima kwa basi, na Bi Mkubwa avuke mtupu. Nani amvushe? Unaye huyo kijana wenu wa lori jipya, mnayemcheka kila Jumamosi. Mtu anayeshika usukani kama ameshika mtoto mchanga anafundishika. Mzee amfundishe, yeye na mikono yake, maana masikio yamechoka lakini viganja vile bado vinaisikia injini kupitia mti wa gia. Wafanye hivyo mbele ya wazee wote, na aseme mwenyewe kwamba masikio yamekwisha na amemchagua huyu. Wakicheka, watacheka kwa kukohoa tu. Unadhani wao wanasikia? Walikaa na injini zile zile maisha yao yote. Huenda ukagundua Jumamosi zenu zote wamekuwa wakisimuliana bila mtu kumsikia mwenzake.

Wakiwa upande wa pili wa mlima, kwenye tambarare, ndipo bi harusi apande, akae mbele, baba yake kando yake. Baba anayekwenda kumwoza binti hana haja ya kutazama barabara, amtazame mwanawe.

Na lori msiliuze, nakuona unavyoanza kufikiria. Mimi ni mtoto wa dereva. Baba yetu aliuza lake, na miaka mingi baadaye, likipita mikononi mwa mtu mwingine, mama alikuwa analijua kwa mngurumo, anaweka mwiko chini mpaka lipotee, ndipo anaendelea kupika. Hakuna aliyemwuliza kitu. Laiti tungemwuliza.

Kwa hiyo wewe nakuuliza. Hizo sauti za gia umezijulia wapi? Hakuna aliyekufundisha, umezikusanya mwenyewe miaka yote hiyo ukiwa umepakata watoto. Lori lilimla mzee masikio, likakupa wewe. Harusi ikipita nenda shule ya udereva, ujifunze kwa gari dogo, upate leseni, kisha urudi kwa Bi Mkubwa polepole, uwanjani kwanza, mlima baadaye au usiuguse kabisa. Usiniambie umri, sikukuuliza.

Siku utakapolitoa uani, mzee atakaa kwenye kiti chako. Usishangae akiweka mkono gotini kwako, hana gia ya kukugongea, ni mazoea tu. Na ukiniandikia tena, tafuta jina jingine la kuweka chini ya barua.