Baba Mercy na Watu wa Loji

Lanet, Nakuru

Mama yangu mpendwa,

Mirembe, amani iwe nawe. Kabla sijasema lolote, niambie goti linaendeleaje. Bado unalipaka ile dawa ya kijani, ama umemwachia shangazi akukande na majani yake? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mvua ya huku imekuwa nyingi na baridi inaingia mpaka kwa mifupa, kwa hivyo nikifikiria wewe ukiamka mapema kwenda kukama, nasikia vibaya.

Sisi tuko hai. Mercy anakusalimu sana, amekuwa mrefu kunishinda. Duka la hardware la Titus, Baba Mercy wangu, bado liko wazi, ingawa siku hizi kuna wateja wanaovuka barabara wakienda kwa jirani. Nitakueleza kwa nini.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako, Mama, ni redio ya kijiji. Ukiiweka loudspeaker shangazi anajibu kabla yako. Haya ninayotaka kusema ni yako peke yako. Vaa miwani, ukae mahali pako, usome mpaka mwisho.

Kaka alinipigia wiki iliyopita. Akaniambia umesema nije kwa kumbukumbu ya Baba, lakini Baba Mercy abaki Nakuru, ati hutaki Freemason akanyage karibu na kaburi la mume wako. Sikumjibu kaka. Nilikata simu nikakaa jikoni, na maji ya ugali yakachemka mpaka yakakauka kwa sufuria.

Mama, wewe umeona video ya Titus tu. Mimi naishi ndani ya nyumba.

Nilijua mwaka jana. Nilikuwa nasafisha chumba cha kulala, nikashusha sanduku dogo juu ya kabati, na ndani nikakuta aproni nyeupe ya ngozi. Kwanza nilidhani ni bidhaa ya dukani. Lakini ni fundi gani anavaa aproni nyeupe yenye maua ya buluu? Titus alipoingia nikamwonyesha.

"Hii ni nini?"

Akakaa kitandani. "Ni aproni ya loji."

"Loji gani? Ya kulala wageni?"

Mama, nilidhani ana mwanamke. Nilianza kutafuta kichwani huyo mwanamke ni nani. Aliponieleza kwamba ni lile jumba la Freemason kule mjini, nikamwambia afadhali ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua pa kumpeleka. Hilo jumba, unajua vile watu wanasema. Damu, nyoka, mtoto wa kwanza kutolewa kafara. Nilikimbia nikamwangalia Mercy akilala kama bado anapumua.

Kumbe alijiunga Mercy akiwa bado mdogo wa chekechea. Miaka hiyo yote aliniambia anaenda mkutano wa wenye hardware.

"Na mnafundishwa nini huko?" nikamuuliza.

"Kumcha Mungu. Kusaidia mtu. Kuwa mkweli."

"Kuwa mkweli?"

Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja aproni. Hiyo ndiyo iliniuma, Mama, na mpaka leo inaniuma. Shetani sikumwona popote. Nilichoona ni mume wangu akinidanganya uso kwa uso, kisha anaenda kukaa na wanaume wengine kufundishana ukweli.

Tulikaa muda mrefu tukiongea tu mambo ya chumvi na gesi. Halafu siku moja akasema loji ina chakula cha mchana cha familia, niende nione kwa macho yangu. Nilienda. Nilivaa rosari ya rafiki yangu Mkatoliki ndani ya blauzi, na mimi wala si Mkatoliki.

Nilivyotarajia sivyo nilivyokuta. Ni jumba la zamani la mawe ya kuchonga, lilijengwa na masetla wa Kizungu, sakafu ndani ina vigae vyeupe na vyeusi, na katikati kuna meza yenye Biblia. Siku hiyo kulikuwa na Kurani pia, na kitabu cha Wahindi, kwa sababu kila mtu huapa kwa chake. Kuna harufu ya nta na ya vitu vya kale. Wake za wanachama walikuwa wanapakua pilau na kulalamika kuhusu karo. Nilitafuta nyoka, nikapata kachumbari.

Aliyenitembeza ni mzee mmoja wa Mau Narok, Mzee Njuguna, daktari wa mifugo aliyestaafu. Alikuwa anatembea polepole na koti lake la sufu, sauti ya chini. Ukutani kuna picha za viongozi wote wa loji tangu mwanzo. Wazungu, Wazungu, Wazungu, halafu Mhindi mmoja, halafu wawili. Mzee akasimama mbele ya Mzungu mmoja mwenye masharubu.

"Huyu ndiye alikuwa na shamba letu," akasema. "Baba yangu alikuwa anamshikia farasi hapo nje ya geti mpaka amalize mkutano. Mvua ikinyesha, inamnyeshea baba na farasi. Ndani humu wanaongea juu ya undugu."

Nikamuuliza, sasa wewe uliingia kufanya nini?

"Nilitaka kujua walikuwa wanaficha nini." Akacheka kidogo. "Nikakuta watu wazima wanakariri maneno mazuri. Maneno yalikuwa mazuri kuliko wao. Nikaamua kukaa, nione kama mtu anaweza kuyafikia."

Kisha akanionyesha picha yake mwenyewe, Mwafrika wa kwanza kwenye ule ukuta. Nikamuuliza kama wote humo ni watu wema. Akaniambia hapana, wengine huja kutafuta marafiki wakubwa, wakikosa wanaacha kuja. Nilimpenda mzee huyo kwa sababu hakunibembeleza. Aliniambia pia, "Bwana yako alikosea kukuficha. Nimemwambia hivyo."

Nilirudi nyumbani sijatulia, lakini nililala.

Sasa ile video. Maji ya ziwa yalipopanda kule Kihoto, Naivasha, yakaingia kwa nyumba za watu, loji ikajaza lori magodoro, blanketi na unga. Titus alienda nao. Watu walikuwa wamesimama kwa matope na watoto mgongoni, wakapokea vizuri mpaka mtu mmoja akamtambua mmoja wa watu wa loji, Bwana Harjit, yule Kalasinga, Mhindi wa kilemba mwenye gereji, akapiga kelele, "Hawa ni Freemason! Wanataka roho za watoto wenu!" Hapo ndipo simu zikatolewa. Kuna waliotupa magodoro majini, Mama. Godoro jipya kabisa, na mtoto anatetemeka. Titus alisimama pale na gunia la unga begani, hajui aliweke wapi, na hiyo ndiyo sura iliyofika kwako huko.

Ilifika kanisani pia. Mchungaji wetu ni mtu mpole, hakutupigia kelele. Lakini viti vilivyo karibu na sisi vilianza kubaki bila watu. Mercy alirudi kutoka shule akanirushia begi mezani. "Mum, ati mimi ndio sacrifice inayofuata. Class yote inacheka. Si mngeniambia tu?" Hata yeye tulikuwa tumemficha. Nilijiona nimefanya yale yale niliyomlaumia babake.

Kabla hayo hayajapoa, Mzee Njuguna akafa. Alianguka shambani kwake akiangalia ngano. Kanisani ikatangazwa kwamba mshirika yeyote asihudhurie mazishi hayo. Titus akaniambia nisiende, ataenda peke yake, nisijiharibie. Nilikuwa kiongozi wa akina mama, unajua nilivyoifurahia hiyo kazi. Nilikaa na hilo jambo usiku na asubuhi. Halafu nikavaa gambuti.

Mau Narok ilikuwa ukungu mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umekuwa kama sabuni. Tulikuta maneno yameshaanza. Vijana waliokuwa wabebe jeneza, waliposikia watu wa loji wamefika, waliliweka chini kwenye veranda wakaenda kusimama kwa ua. Mchungaji wa huko alimaliza maombi haraka akarudi kwa gari. Mke wa marehemu, mama mzee mwenye kitambaa cheusi, alikuwa ameketi karibu na jeneza ameshika ukingo wake kama mtu anashika kitanda cha mgonjwa.

Basi wale wa loji wakalibeba wenyewe. Wengi ni wazee, Mama. Titus mbele, nyuma yake Bwana Harjit na kilemba chake, na wengine, viatu vya ofisi vinazama na kubaki matopeni. Mteremko wa kwenda kaburini ni mkali. Katikati Bwana Harjit akateleza, goti likagusa chini, na jeneza likaanza kulala upande. Kaburi lilikuwa hapo chini tu. Watu walipiga mayowe lakini hakuna aliyesogea.

Nilikuwa karibu. Nikashika ule mkono wa jeneza aliouachilia. Sikufikiria wewe, wala mchungaji, wala kwamba mwanamke habebi jeneza. Niliona tu kwamba mzee aliyeniambia ukweli anaanguka. Titus aligeuka akaniona, uso ukabadilika. Tulishuka na mzee mpaka chini.

Kaburini kila mmoja wao alitupa kitawi cha mti. Mwanamume mmoja kutoka kwenye ua akapaza sauti, "Mnaona? Wanaweka uchawi!"

Mama mjane akainuka. Hakupiga kelele. "Ni mgunga," akasema. "Nimekata mimi mwenyewe jana kule bondeni. Alisema akifa anataka huo. Kama kuna mchawi hapa, ni mimi, niliyempikia miaka yote hiyo. Njooni mnikamate."

Hakuna aliyekuja. Vijana wawili wakatoka kwenye ua, wakachukua majembe, wakaanza kufunika. Wengine waliondoka.

Bila shaka mtu alipiga video na hiyo. Jumatatu niliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mchungaji akasema, "Mama Mercy, sina ubaya na wewe. Lakini watu wanauliza. Simama Jumapili useme ulikosea, tuyamalize."

Nyumbani Titus akaniambia ataacha loji ili kanisa liniache na kazi yangu. Alikuwa amelia, nilijua kwa macho. Nikamwambia, "Ukiona ni kosa, acha. Ukiacha kwa sababu ya video, utakuwa unadanganya tena, na safari hii utanidanganya mbele ya watu."

Jumapili hakuningoja nisimame. Alisimama yeye. Akasema: "Mimi niko kwa loji. Sijawahi kuabudu kitu kingine zaidi ya Mungu huyu wetu. Dhambi niliyo nayo ni moja, nilimdanganya mke wangu miaka mingi, na mtoto wangu. Kwa hiyo dhambi naomba msamaha." Akaketi.

Walimfungia meza ya Bwana. Mimi waliniondoa kwa uongozi wa akina mama, wakampa mwingine. Jumapili iliyopita hatukutoka. Tulisoma Zaburi sebuleni, na tulipofika kuimba, sisi watatu tulisikika wachache sana. Mercy akaanza kulia katikati ya ubeti, nikamaliza peke yangu.

Usidhani nimekuwa mtu wa loji, Mama. Kuna mambo yao sitayajua maisha yangu yote, na mlango unaofungwa mbele ya mke siupendi. Nimewaambia hivyo, Bwana Harjit mwenyewe amenisikia. Na Titus bado sijamsamehe yote. Kuna siku naangalia mgongo wake akifungua duka najiuliza ni nini kingine sijui. Lakini kitu kimoja nakijua, na wewe unakijua kuliko mimi.

Baba alipolala kitandani mwaka ule wa mwisho, na hawezi kwenda choo, na watoto wako wa kiume wanasimama mlangoni wameziba pua, ni nani aliyemwogesha? Ni nani alikuwa anapanda gari kutoka Nakuru kila mwisho wa wiki, anakunja mikono ya shati, anamgeuza, anampaka mafuta, anamnyoa ndevu wakiongea siasa? Ulikuwa unasimama nje na beseni unasema Mungu amekupa mtoto mwingine. Wakati huo, Mama, alikuwa ameshaapa zamani kwa loji. Ni mikono hiyo hiyo.

Tutakuja mimi na Titus, pamoja na Mercy. Ukiona huwezi kumfungulia, tutasimama nje ya geti, tumwombee Baba kutoka hapo barabarani, na sote watatu turudi Nakuru. Sitaingia nikimwacha nje.

Nisalimie kaka na mkewe, umwambie kaka simu ilikatika, sijamkasirikia sana. Msalimie shangazi, lakini usimsomee hii. Mwalimu wangu wa zamani wa Sunday school, kama bado anapita hapo akienda dukani, mwambie bado nakumbuka nyimbo zake. Na watoto wa dada waambie nitawaletea viazi vya Mau Narok, vile vikubwa.

Funga dirisha la upande wa mto ukilala, baridi isikuingie gotini.

Ni mimi binti yako, mke wa Titus,

Ruth Kageha