Alama za Mguu wa Mama

Dada yangu,

Mimi mzima, ila mgongo. Tumemaliza ghorofa ya sita, na mvua imetupa siku mbili za kulala tu.

Kuhusu mguu wa mama, ukatwe au uachwe, nimefanya kama injinia wetu anavyochagua mashine. Anaandika anayoyataka: usalama, urahisi wa kutunza, muda wa kudumu. Kila jambo analipatia alama, na lililo muhimu zaidi analizidisha mara tatu. Mimi nilizidisha muda wa kudumu. Kukata kukapata thelathini na nane, kuacha kumi na tisa.

Mwenzangu wa kuchanganya zege akaisoma karatasi. "Kwani mama yako ni winchi?" Nikacheka. Akauliza, "Na anachotaka yeye umekiandika wapi?"

Sikuwa nimekiandika. Nimechora mstari mpya tangu juzi na bado ni mtupu. Nimekaa huku miaka sita, sijui mama siku hizi anataka nini.

Najua daktari anangoja neno langu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Msomee mama karatasi ya alama niliyoiweka humu, aujaze mstari huo mwenyewe, na atakachosema ukizidishe mara kumi.

Ni mimi, kaka yako.